Povu la Saa ya Kwanza

Nimefanya kazi nyingi na sijazeeka katika hata moja. Nilichimba shaba Kambove. Nilisafisha vyuma vya kuzuia takataka kule Koni, pale maji ya Lufira yanapoingia kwenye mitambo ya umeme. Nilivuka mpaka nikauza vitunguu Ndola, nikarudi, nikavuka tena. Hata shule niliisoma hivyohivyo, vipande vipande: darasa la tatu Kambove, la nne nikaliruka, la tano Ndola kwa Kibemba, la sita nikiwa tayari na ndevu. Basi mambo ya kemia yaliyomo humu nayaeleza kama nilivyoyaona kwa macho na kuyashika kwa mikono. Mwenye shahada atanisamehe.

Nilirudi Likasi, mji wetu, nikiwa na miaka sitini na saba, begi moja, na kidonda kwenye mguu wa kushoto. Nilikwenda moja kwa moja kwa dada yangu mkubwa, Martine. Kwetu mkubwa haitwi jina tupu, kwa hiyo kwangu ni Ya Martine. Nyumba yake iko chini ya mteremko, kando ya kijito ambacho sisi tunakiita Kamuto tu. Pembeni mwa Kamuto ana kisima, ana matuta ya mboga, na kwa maji ya kisima hicho anapika munkoyo wa kuuza, kile kinywaji cha uji wa mahindi na mizizi. Hakunikumbatia. Alinitazama, akatazama begi, akauliza:

"Safari hii myezi ngapi?"

Nikaingiza begi ndani. Wiki ile ile nikapata kazi ya pampu kwenye kiwanda cha kola, yaani gundi, na rangi kilicho juu ya mteremko.

Mwenye kiwanda aliitwa Patron Osée, mtu wa vicheko vikubwa na subira ndogo. Kiwanda kinatengeneza kola nyeupe ya maseremala, na kila siku mapipa makubwa ya kupikia kola huoshwa. Maji ya kuosha ndiyo yaliyokuwa balaa. Kwa macho yanafanana na maji ya kuoshea mchele. Lakini yashike: yanavutika, yanateleza vidoleni kama dongodongo, bamia, iliyopikwa. Yatikise ndani ya chupa asubuhi, mchana utakuta povu bado limekaa pale kama kofia. Yalikuwa yanawekwa kwenye mabwawa matatu ya saruji. Mawili yalikuwa yamejaa hadi mdomoni, la tatu lilikuwa linafuata.

Na kando ya ukuta Patron alikuwa amelaza mabomba meusi ishirini na manne. Niliupima mteremko kwa hatua zangu. Yalitosha kufika Kamuto, na bomba moja kubaki.

Aliyesimama kati ya mabomba yale na kijito alikuwa mwanamke mmoja, Arielle, mkemia wa kiwanda. Tulimwita Mama Ingénieur, yaani mama mhandisi, ingawa umri wake ulikuwa sawa na wa binti yangu wa mwisho. Alimwambia Patron mbele yetu sote: "Unipe mwezi mumoja. Mayi nitaisafisha hapahapa." Patron akacheka, akasema sawa, mwezi mmoja, ila bwawa la tatu likijaa kabla, mabomba yatatembea.

Mama Ingénieur akaniita mimi na Jimmy, mwenzangu wa pampu, kijana wa miaka arobaini mwenye mdomo usiolala. Akatueleza.

"Vieux," akaniambia, maana mzee kwetu huitwa hivyo, "ile kola ni polima. Polima ni kama mushipi murefu, murefu, ya shanga. Kule ku matope kuko badudu badogo benye kula uchafu, lakini kadudu kamoja kataanzia wapi kula mushipi ya vile? Njo tunakata kwanza na dawa, vipande vipande. Kisha tunaachia badudu bakule."

"Kwa nini dawa isimalize kazi yote?" nikauliza.

"Itamaliza dawa yenyewe mbele ya kumaliza kola. Na badudu beye peke yao hawawezi kuanza. Moja anapasua kuni, mwingine anapika."

Hilo nililielewa.

Tukawa na matangi mawili. Tangi la kwanza ni la dawa. Humo tunatia asidi kidogo, chumvi ya chuma ya rangi ya kijani, halafu maji ya oksijeni. Ni yale wanayomwaga wauguzi kwenye kidonda, lakini haya makali, yanababua mkono hata ndani ya glavu. Maji yanageuka rangi ya kutu. Baadaye tunatia chokaa, kutu inazama, na maji ya juu tunayavuta hadi tangi la pili. Humo ndimo tunamwaga matope yenye vijidudu. Tulikuwa tumeyachota kwenye bwawa la kichinjio, mapipa matatu, na harufu yake iliniachia nafasi ya kutosha nilipopita sokoni.

Jaribio la kwanza lilifanyika Jumatatu. Mama Ingénieur alikuwa ameijaribu dawa yake maabara, kwenye chupa, akaona kwamba baada ya masaa manne ya kukoroga dawa imekwisha nguvu. Basi tukahesabu masaa manne. Tukatia chokaa. Tukavuta maji. Mimi ndiye niliyemwaga pipa la matope.

Kabla sijalaza pipa chini, tangi likaanza kutoa povu. Povu jeupe, lenye sauti ndogo, *shiii*, kila mahali. Matope yakapanda juu kama unga unaochemka. Mimi mtoto wa nyumba ya munkoyo, niliyelelewa kati ya vyungu vinavyotoa povu, nilifanya nini? Nilipiga kelele.

"Imeamuka! Mama Ingénieur, imeamuka! Munkoyo yako iko inaiva!"

Jimmy akacheza kuzunguka tangi. Hata Mama Ingénieur, aliyekuwa upande wa pili akiandika, alitabasamu bila kuja kuona. Aliniamini. Jioni matope yalikuwa yamepauka kama majivu, yanaelea, hayana uhai. Maji yalikuwa yanateleza vilevile.

Mama Ingénieur akasema labda matope yalikuwa mabovu. Tukarudia Alhamisi na pipa la pili. Povu likatoka tena, na mimi, mjinga wa mara mbili, nikafurahi tena. Yakafa tena.

"Vieux," Jimmy akasema, "badudu bako unabanywesha nini? Ile pombe kali ya lutuku?"

"Nyamaza."

"Minye nauliza tu. Banacheza saa moja, kisha banalala mpaka kabisa. Hiyo ni lutuku."

Patron Osée alikuja, akachungulia bwawa la tatu, akapima kwa mkono wake mwenyewe. "Imebakia mikono mbili," akasema. Safari hii hakucheka. "Mama Ingénieur, muko na pipa moja ya matope, na muko na mpaka Jumamosi ya wiki kesho. Siku ile bantu ya kuchimba mufereji batafika na majembe." Akanigeukia mimi. "Na weye Vieux, upime gurudumu ya pampu kama inafunguka muzuri."

Nikatembea hadi nyumbani mchana ule nikiwa nimeshafunga begi kichwani. Hiyo ndiyo tabia yangu, sitaificha. Mahali pakianza kuniuma, miguu yangu inajua njia ya stesheni. Lakini nilimkuta Ya Martine uani, anatwanga mizizi ya munkoyo, na chungu cha uji mzito wa mahindi kinapoa kando yake. Nikajikuta nimekaa. Nikamwambia yote: mabomba, mteremko, kisima chake.

Hakuacha kutwanga. "Nani njo atafungua hiyo mayi?"

"Pampu ni yangu."

"Kumbe ni mukono yako." Akatwanga mara tatu. "Basi kimbia. Kazi yenye unajua muzuri ni ile."

Nikainama. Nikaokota mizizi iliyoruka nje ya kinu. Ndipo akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za jirani, vile vijidudu vyetu vilikufa namna gani. Nikamweleza. Nikamweleza hata jinsi nilivyofurahi nilipoona povu.

"Povu ilitoka kisha siku ngapi?"

"Siku? Palepale. Ata dakika haikupita."

Mchi ukasimama hewani.

"Germain. Weye ulikunywa munkoyo yangu, ukakunywa ya mama, ukakunywa ya nkambo, mama ya mama yetu. Ulishaona siku gani munkoyo inatoka povu palepale?"

Nikatazama vyungu vya jana kivulini, ndiyo kwanza vinatoa povu.

"Munkoyo inalala kwanza," akasema. "Inanyamaza. Inatumika kimyakimya, kesho njo inatoka povu. Kintu chenye kutoka povu saa ya kwanza haiko kinaiva. Iko kinapigana."

Kisha akafanya jambo ambalo nimeliona akifanya mara elfu na sijawahi kulitazama. Alichota uji wa chungu kwenye kopo dogo, akatia chembe ya mizizi, akakoroga. Munkoyo mzuri, mzizi ukishaingia, uji mzito hulegea ukawa mwepesi kama maji. Huu wa kopo ulibaki mzito, umekaa tu. "Ona, ingali na moto ya kuua muzizi," akasema, akaumwaga kwa kuku. "Minye siangalie saa. Jua ikiwa kali, baridi ikiwa kali, saa itajua nini? Natuma kopo mbele. Kopo ikikubali, chungu inafuata."

Nilitazama kopo. Kisha nikatazama mguu wangu wa kushoto. Siku niliyokwenda zahanati, muuguzi alimwaga maji ya oksijeni juu ya kidonda, na kidonda kikatoa povu jeupe, *shiii*. Palepale.

Nilipanda mteremko ule mbio. Mguu ulinilaani kila hatua.

"Mama Ingénieur! Ile povu haikukuwa furaha! Ilikuwa vita!"

Alikuwa maabara, amekaa mbele ya chupa zake, macho mekundu. Nilimwambia habari ya kopo, ya kidonda, ya Ya Martine. Hakunicheka. Alisimama, akachota maji yaliyobaki katika tangi la dawa, akayaweka kwenye glasi, akachovya kijiko cha matope kutoka pipa la mwisho. *Shiii*. Matope yakapanda na povu.

Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mwaka ya pili," akasema. "Vieux, hii niliisoma mwaka ya pili! Kintu kizima kikikutana na ile dawa, inatoka povu. Dawa ilikuwa ingali humo. Tulikuwa tunabamwanga badudu ndani ya moto."

"Lakini yale masaa manne?"

Akanyoosha kidole kwenye taa iliyokuwa imezimika. Hapo nami nikaelewa. Maabara alikuwa na kikorogeo kidogo cha betri. Sisi kwenye tangi kubwa tulikuwa na injini ya umeme, na umeme wa Likasi unajulikana: Koni iko karibu kiasi cha kuisikia, na bado taa hulala zikipenda. Saa ilitembea masaa manne, injini ilitembea labda moja na nusu. Na zile karatasi za kupimia dawa iliyobaki zilikuwa zimeisha, mpya ziko mpakani Kasumbalesa zinasubiri mhuri wa forodha.

"Tutapima na kopo," akasema.

"Ya Martine atatuomba mushahara," nikasema. Ndipo akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Tatizo lilikuwa pipa la mwisho. Vijidudu vinahitaji hewa na chakula, na umeme ukikatika hewa inakatika. Basi nilikwenda kwa Ya Martine nikaazima mwiko wa ugali wa matanga, ule mrefu kama jembe, nikawa nakoroga kwa mkono kila injini iliponyamaza. Naye akanipa masapo, yale makapi yanayobaki akishachuja munkoyo. "Nao bakule," akasema. "Hakuna mugeni wa kwangu anashinda njaa." Vijidudu vikala masapo. Siku ya pili pipa lilikuwa na rangi ya kahawia nzuri, na halikunuka kifo tena.

Jumatatu iliyofuata tukajaza tangi la dawa. Asidi, chumvi ya kijani, maji ya oksijeni kidogo kidogo. Rangi ya kutu ikaja. Baada ya masaa manne nikachota kopo, nikatia kijiko cha matope. *Shiii*.

"Ingali na hasira," nikasema.

Umeme ukaenda. Mimi na Jimmy tukakoroga kwa makasia ya mbao hadi mabega yakalia. Tukatia chokaa, kutu ikazama, tukavuta maji ya juu. Kopo. *Shiii*, lakini ndogo.

Jumanne asubuhi, kopo. Vipovu vichache, kama mate ya mtoto.

"Tumwange, Vieux," Jimmy akasema. "Hivi vipovu ni vya kusalimia tu."

"Hapana."

"Bwawa ya tatu imebakia mukono moja na vidole vitatu. Minye nimepima."

"Jimmy, weye ulishaoa?"

"Nilishaoa."

"Bibi akinyamaza nusu, unaingia nyumba?"

Akafikiri. "Hapana," akasema. "Nangoja anyamaze yote."

Tukapuliza hewa, tukakoroga, tukangoja. Saa tisa mchana nikachota tena. Nikatia kijiko. Mama Ingénieur, Jimmy na mimi tukainamisha vichwa vitatu juu ya kopo moja. Matope yakatawanyika, yakazunguka polepole, yakaanza kushuka. Hakuna sauti. Hakuna povu. Yakalala chini ya kopo kama mtu aliyefika kwake.

"Imekubali," nikasema.

Tukamwaga. Hata hapo hatukumwaga pipa zima. Nusu kwanza, kopo lingine, halafu nusu nyingine. Na safari hii, kama alivyosema Ya Martine, tangi lilinyamaza. Jumatano kimya. Jimmy akazunguka akisema labda vijidudu vimehama. Alhamisi nikainama juu ya tangi nikanusa, nikanusa tena, nikamwita Mama Ingénieur. Harufu ya kola ilikuwa imekwisha. Tangi lilinuka udongo, udongo wa shamba mvua ya kwanza ikishanyesha. Matope yalikuwa yamevimba, mafundo mafundo ya kahawia, yamenenepa. Vilikuwa vinakula.

Jumamosi wakaja watu wanane na majembe. Patron Osée akaja na kofia yake. Na Ya Martine akapanda mteremko akiwa na bidoni, dumu la munkoyo, kichwani, hakumsalimu mtu, akaenda kukaa juu ya mabomba meusi. Alikuja kuona mkono wangu.

"Mama, tunataka kubeba hayo mabomba," Patron akamwambia kwa heshima.

"Beba," Ya Martine akajibu. "Lakini minye niko muzito."

Watu wa majembe wakacheka. Mama Ingénieur alikuwa tayari amesimamisha hewa ili matope yazame. Akachota maji ya juu kwenye chupa, akampa Patron. Yalikuwa meupe, yaani meupe ya kuona vidole vya mtu upande wa pili. Patron akaziba mdomo wa chupa, akaitikisa kwa nguvu zote za mwili ule. Povu likaja. Akaanza kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, na watu wa majembe wakahesabu pamoja naye, nne, tano. Kwenye sita povu lilikuwa limepasuka lote. Chupa ilibaki na maji tu.

Patron hakutosheka. Akamimina maji kidogo kiganjani, akasugua vidole viwili. Kwa muda wa mwezi mzima sote tulikuwa tunajua vidole vile vitateleza. Akasugua. Vidole vikalia, *kwii*, kama glasi iliyooshwa vizuri.

"Inalia," akasema.

Akasugua tena. *Kwii*.

"Mama Ingénieur, inalia!" Akampa chupa mtu wa kwanza wa majembe, naye akasugua, akampa wa pili, na mteremko mzima ukawa unalia vidole. Jimmy akapiga magoti mbele ya tangi, akalipigia makofi kama wanavyompigia chifu. Mama Ingénieur alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka, wala hakuyafuta.

"Patron," akasema akishapata pumzi, "hii mayi hatuimwange ata. Inatosha kuosha mapipa tena. Tuirudishe kule juu."

Patron akatazama tangi, akatazama nyumba ya kuoshea mapipa iliyo juu yetu, akatazama mabomba ambayo dada yangu alikuwa ameyakalia. Kile kicheko chake kikubwa kikarudi kutoka kilipokuwa kimejificha.

"Muko na majembe," akawaambia watu wanane. "Chimbeni. Lakini mugeuke. Mufereji inaenda upande ule."

Ya Martine akasimama, akakung'uta kitenge. Wakabeba mabomba, wakachimba kuelekea juu, na hadi saa kumi mabomba kumi na moja yalikuwa yamelala. Patron akaniashiria kwa kidevu. Nikashika gurudumu la pampu, lile ambalo nilikuwa nimeamriwa kulipima ili lifungue njia ya Kamuto. Nikalizungusha. Bomba likakohoa, likatetemeka, na kule juu, kwenye nyumba ya mapipa, tukasikia wanawake wa kuosha wakipiga vigelegele. Maji yetu yalikuwa yamefika. Yalipanda mlima.

Ya Martine akamimina munkoyo kwenye kopo, lile lile dogo, akampa Mama Ingénieur kwanza, kisha Patron, kisha wote. Mimi nilikuwa wa mwisho.

"Minye nauliza tena," akasema huku kopo likiwa bado mkononi mwake. "Myezi ngapi?"

Nikahesabu mabwawa. Yalikuwa matatu, mawili yamejaa na la tatu likikaribia, na tangi letu lilikuwa limekula kipande kidogo tu cha la kwanza.

"Ule mwiko wako," nikamjibu, "sitaurudisha mwaka huu."

Akanipa kopo. Nikanywa lote.